Ngozi za fuko zilizomponza mtegaji wa Tetu

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Tetu, na Muchiri Gathogo hajaruhusiwa kuvuka ua. Amesimama mbele ya lango la mabanzi, begi la turubai miguuni. Ng'ambo ya lango amesimama mwenye shamba, Wakiuru, mjane wa miaka sitini na kitu, shali mabegani na jembe mkononi.

"Fungua," Wakiuru anamwambia.

Muchiri anafungua begi. Ndani mna waya, fito chache, kisu kidogo na chupa ya chai.

"Na mifuko ya koti?"

Anaigeuza mifuko ya koti nje, mmoja baada ya mwingine. Ni hapo tu Wakiuru anapoondoa mti wa lango na kumwachia nafasi ya kupita. Hata hivyo anamfuata unyounyo hadi katikati ya viazi, asimwondolee macho.

Mtego wa jana umenasa. Muchiri anavuta waya na kumtoa fuko mnene, meno yake ya mbele marefu na ya rangi ya chungwa, manyoya yake laini kuliko ya paka. Anapitisha kidole gumba mgongoni mwa mnyama huyo, taratibu, kama fundi cherehani anayepima kitambaa. Wakiuru anamtupia jembe.

"Zika."

Anachimba, anamtumbukiza fuko mzima mzima na kufukia. Wakiuru anaukanyaga udongo kwa gambuti zake za mpira mpaka ukashikana.

"Hiyo ilikuwa ngozi nzuri sana imeingia chini," Muchiri anamwambia mwandishi wa makala haya wanaporudi langoni. Anasema kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma. "Lakini siwezi kulalamika. Akinikubalisha hata kuingia, ni vile tu ameamua."

Kwa miaka mingi Muchiri, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, aliingia katika mashamba ya kijiji hiki bila hata kubisha hodi. Yeye ni mtegaji wa fuko, kazi aliyofunzwa na mjomba wake. Fuko hukaa chini ya ardhi na kutafuna viazi, karoti na mizizi ya nyasi za nepia. Mkulima huona mmea ukinyauka, na akiuvuta, unamjia mkononi ukiwa hauna kitu chini.

Mkulima humlipa mtegaji shilingi mia mbili kwa kila fuko. Kabla ya kulipa, humkata mnyama mkia na kuutupa motoni, ili fuko mmoja asije akauzwa kwa watu wawili.

"Hii kazi ilianza na watu kutoaminiana," Muchiri anasema akicheka kidogo. "Hata mjomba wangu walikuwa wanamkatia mkia mbele yake."

Wakati huo ngozi haikuwa na bei. Fuko aliyekatwa mkia alitupiwa mbwa. Mambo yalibadilika msimu mmoja wa baridi, mwezi wa saba, mkewe Nyawira alipokuwa akichuma majanichai na kurudi nyumbani vidole vya miguu vimekufa ganzi ndani ya gambuti. Muchiri alichuna fuko wawili, akakausha ngozi zao juani na kuzikata kwa umbo la unyayo.

"Siku ya kwanza nilisikia joto mpaka nikamwombea baraka," Nyawira anakumbuka. "Siku ya nne wenzangu wakaanza kuniuliza kama kuna kitu imekufa kwa mfuko yangu."

Ngozi zilikuwa zimeoza. Muchiri hakukata tamaa. Alipanda gari hadi Nanyuki, kwa Kulmiye, mfanyabiashara anayenunua ngozi za mbuzi na kondoo kutoka Doldol na kuzirundika katika stoo yenye harufu kali nyuma ya soko. Kulmiye alizitazama zile ngozi za fuko kwa mbali, asitake kuzishika.

"Alinikagua mimi kwanza, juu mpaka chini," Muchiri anasema. "Akaniuliza, 'Ndugu, hii ni panya?' Nikamwambia ni fuko. Akasema, 'Mimi sitanunua na sitagusa. Lakini ngozi ni ngozi. Tia chumvi kabla haijapoa. Ukichelewa, umepoteza.'"

Kulmiye alimwelekeza mengine akiwa amesimama mlangoni. Muchiri akarudi nyumbani na kujaribu, akaharibu nyingi, akajaribu tena. Leo nyuma ya nyumba yake kuna madumu matatu yaliyokatwa vichwa. Ngozi huvuliwa kama soksi, hukwanguliwa nyama kwa mgongo wa kijiko na kulazwa kwenye chumvi. Kisha huingia katika maji ya magome ya mti wa muwati yaliyochemshwa hadi yakawa mekundu kama chai ya rangi, na kuhamishwa kutoka dumu la maji mepesi hadi la maji makali. Zikitoka, hupakwa mafuta, huwambwa kivulini, na kabla hazijakauka kabisa huvutwa huku na huku juu ya ukingo wa ubao.

"Hapo kwa kuvuta ndipo kazi iko," anasema. "Ukiacha ikauke yenyewe inakuwa kama mkate wa juzi."

Soli za ndani ya gambuti zilipendwa. Wachumaji majani waliagiza, kisha wahudumu wa bodaboda wakataka kofia za kufunika masikio na vifuko vya kuvisha mikono ya pikipiki asubuhi za baridi. Kwa kofia moja huhitajika ngozi sita au saba. Mitego ya Muchiri haikutosha.

Hapo ndipo alipotangaza kwamba atanunua ngozi mbichi kutoka kwa watega fuko wengine, shilingi mia na hamsini kila moja.

Aliyeleta nyingi zaidi alikuwa Kinyua, rafiki aliyekua naye, waliyetahiriwa naye msimu mmoja, na aliyesimamia harusi yake. Kinyua alifika kila Jumamosi na mfuko wa gunia. Muchiri alilipa bila kuuliza. Biashara ilipendeza, na Nyawira akaacha kuchuma majani ya watu ili ashone nyumbani.

Kisha fuko wakaanza kutokea mahali ambapo hawakuwahi kuonekana.

Shamba la Wakiuru liko chini, karibu na mto, kwenye udongo mzito ambao fuko huukwepa. Mumewe alililima hadi alipofariki bila kutega hata mmoja. Lakini msimu wa mvua ndefu uliopita, vifusi vya udongo vilianza kuchomoza katikati ya viazi vyake. Walipotegwa wawili, walifuata wanne. Alipovuna, alipata magunia matatu badala ya kumi na mawili aliyozoea.

"Nilikaa chini nikajiuliza, fuko anaweza kuvuka mto?" Wakiuru anasema, ameketi kwenye kigoda jikoni kwake. "Nikajiuliza tena, ni nani amefurahia? Mimi nalia, huyu anashona kofia. Sasa wewe ukiwa ni wewe ungefikiria nini?"

Hakuyaweka moyoni. Aliyasema asubuhi kwenye kibanda cha kupimia maziwa, mbele ya foleni nzima: mtu anayekula kwa fuko hawezi kutaka fuko waishe. Waliokuwa hapo walinyamaza, na kunyamaza huko kulienea kijijini kuliko maneno yenyewe.

Wakulima waliacha kumwita Muchiri. Mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi alimwambia ati amepata dawa. Mwingine alianza kumsindikiza hadi barabarani kila alipopita njia ya shambani kwake. Nyawira alikaa kanisani kwenye benchi lililokuwa likijaa zamani, akajikuta na nafasi kushoto na kulia.

"Mtoto wa jirani alikuja kuomba chumvi," Nyawira anasema. "Nikamwona anachungulia kwa dumu, anahesabu kwa kidole. Nikajua ametumwa."

Alasiri moja walikuja wote. Walikuwa wakulima kama kumi, Wakiuru mbele, wakisema wamekuja kuangalia tu. Muchiri aliwaambia waangalie. Walifunua madumu, wakainua mabati, wakachungulia chini ya kitanda na katika banda la mbuzi. Walikuwa wakitafuta fuko aliye hai, na hawakumpata.

Wakiuru hakuondoka na wenzake. Alikuwa ameshika ngozi moja kutoka kwenye kamba ya kukaushia, anaigeuza mwangani.

"Baba Gathoni," alimwita Muchiri kwa jina la bintiye wa kwanza, "hii imetoka wapi?"

"Ni ya fuko, Mama Kingori."

"Najua ni ya fuko. Nauliza imetoka wapi. Fuko wa huku kwetu ni wa rangi ya udongo. Huyu ni mweusi kama sufuria."

Wakiuru aliirudisha ngozi kwenye kamba kwa uangalifu, akajipangusa mikono kwa shali, akaenda zake.

Muchiri anakiri kwamba hakulala vizuri tangu siku hiyo. Fuko weusi, wenye manyoya marefu, hupatikana juu, ukingoni mwa msitu wa Aberdare, kwenye baridi. Aliwajua tangu enzi za mjomba wake. Aliteremsha ngozi zote kwenye kamba na kuzitandaza sakafuni, akazikagua moja moja.

Fuko anayekufa kwa mtego hubaki na alama ya waya, mstari mwembamba shingoni au kiunoni, ambao hata magome ya muwati hayaufuti. Ngozi zake mwenyewe zilikuwa na mstari huo. Ngozi nyingi za gunia la Kinyua hazikuwa nao. Fuko hao walikuwa wameshikwa wakiwa hai, wakauawa baadaye.

"Nilijiambia labda Kinyua anachimbua kwa jembe," Muchiri anasema. "Mtu akiwa rafiki yako unamtafutia sababu. Unamtafutia hata ile yeye mwenyewe hajafikiria."

Jumamosi iliyofuata Kinyua alikuja kama kawaida. Walikunywa chai pamoja. Muchiri alipokea ngozi, akalipa, akaulizia hali ya watoto. Hakuuliza kingine. Jumamosi ya pili ilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa Nyawira aliondoka mezani na hakurudi.

"Nilimwambia, 'Wewe unamtazama huyu mtu kama polisi halafu unampa pesa,'" Nyawira anasema. "'Kama unashuku, uliza. Kama hutaki kuuliza, basi unajua.'"

Siku hiyo Muchiri alimfuata Kinyua hadi nyumbani kwake, kwenye mteremko ulio juu ya kijiji. Hakumkuta sebuleni. Alizunguka nyuma, akaona tangi la plastiki lililopasuka, limelazwa ubavu na kufunikwa mabati yenye mawe juu yake. Kulisikika kitu kikikwangua ndani. Aliinua bati. Tangi lilikuwa limejazwa udongo na mizizi ya nepia, na udongo ulikuwa ukitembea.

"Funika," sauti ya Kinyua ilisema nyuma yake. "Hawapendi jua."

"Kinyua, hii ni nini?"

"Unaona ni nini."

"Unawatoa kwa msitu?"

"Kwa mashamba ya juu, karibu na msitu. Wamejaa huko, hakuna mtu analia."

"Na ukishawatoa unawapeleka wapi?"

Kinyua aliokota jiwe lililoanguka na kulirudisha juu ya bati. Kisha alisema maneno ambayo Muchiri anayarudia leo neno kwa neno, kama mtu anayekariri hukumu yake.

"Wewe ulitaka ngozi, mimi nikaleta ngozi. Nikiwachinja hapa, ni mia na hamsini yako tu. Nikimwachilia mmoja kwa shamba la mtu, huyo mtu ataniita. Atanipa mia mbili, na wewe utanipa yako juu. Na akizaa, je? Usiniangalie hivyo, Muchiri. Hukuwahi kuniuliza ninatoa wapi, hata siku moja."

"Hata Wakiuru? Mjane?"

"Wakiuru ana shamba kubwa."

Muchiri alimsihi waende pamoja wakaseme. Kinyua alikataa, akamwambia kwamba akitaja jina lake, kijiji hakitasema Kinyua peke yake, kitasema Kinyua na Muchiri. Hakuna atakayeamini kwamba mwenye pesa hakujua.

Hapo, Muchiri anasema, rafiki yake hakukosea.

Anapofika sehemu hii ya kisa anasita na kuuliza, kwa mara ya pili, kama simu ya mwandishi inanasa sauti. Akiambiwa ndiyo, anaisogeza karibu. "Basi inase vizuri," anasema, "isije ikasema vile sikusema."

Jumatatu alisimama kwenye kibanda cha maziwa, foleni ikiwa imejaa. Alimtaja Kinyua. Kisha akasema fuko waliletwa kwa sababu ya bei aliyoiweka yeye, na kwamba tangu siku hiyo hatanunua ngozi ya fuko kutoka kwa mtu yeyote.

Kelele zilipanda. Wengine walitaka Kinyua atafutwe papo hapo, wengine wakadai hiki ni kiini macho, wawili hao wamegombana tu kuhusu pesa. Wakiuru aliinua mkono.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Angeweza kusema jana. Nyawira, aliyekuwa amesimama kando na mtungi wake, anasema aliomba kimoyomoyo aseme jana.

"Nilishuku siku ile ulishika ngozi," Muchiri alijibu. "Nilienda kuona juzi. Katikati hapo nilinunua kwake mara mbili."

Wakiuru alichukua mtungi wake wa maziwa na kuondoka.

Vijana walipofika kwa Kinyua, walikuta tangi limepinduliwa na nyumba imefungwa. Wanaomjua wanasema yuko upande wa Laikipia, anachunga ng'ombe wa mtu. Mkewe, aliyerudi baadaye kuchukua vyombo, hakutaka kuzungumza na mwandishi. Ikiwa Kinyua aliwachinja fuko wa tangini au aliwaachilia siku aliyoondoka, hakuna anayejua, na swali hilo halijawatoka watu wa mteremko huu. Kifusi kipya kikionekana popote, watu hutazamana.

Muchiri hakupelekwa popote. Wazee walisema hana kosa ambalo lina jina. Lakini Wakiuru alimtumia ujumbe wenye masharti yake: atatega shambani kwake bila malipo hadi fuko waishe, na kila atakayenaswa atazikwa na ngozi yake, yeye Wakiuru akiwa amesimama hapo. Ngozi ikiwa udongoni, alisema, hakuna atakayepata faida kwa kilio chake.

"Watu wananiuliza kama nimemsamehe," Wakiuru anasema. "Nawaambia, hiyo ni maneno ya Jumapili. Siku za katikati ya wiki mimi namwangalia mikono. Kweli alisema mbele ya watu. Lakini hata wewe, mtu akikuambia alikaa na jambo wiki mbili, hutajiuliza amekaa na mengine mangapi?"

Muchiri anasema hana kinyongo naye. Anachokiogopa ni ile tabia iliyomwingia mwenyewe. Anaposalimiwa kwa uchangamfu anajiuliza anatafutwa nini. Akiletewa oda ya kofia anauliza mteja ametumwa na nani. Fundi wa viatu mjini Nyeri alipomwomba wafanye kazi pamoja, alimzungusha kwa maswali hadi yule bwana akakata tamaa na kuondoka.

"Zamani sikuuliza kitu," anasema. "Sasa nauliza hata mahali pa kusema asante."

Mapato yameshuka. Nyawira amerudi kuchuma majanichai siku nne kwa wiki, na anashona siku zilizobaki. Madumu mawili kati ya yale matatu yalikaa matupu kwa miezi.

La tatu sasa lina ngozi za aina nyingine. Ni za sungura, nyeupe na za kijivu, pana kuliko za fuko mara nne. Zimetoka Mukurweini, kwa akina mama wa upande wa kwao Nyawira wanaofuga sungura wa nyama na ambao, hadi majuzi, walikuwa wakizika ngozi hizo au kuwatupia mbwa. Muchiri amekwisha kuzitengenezea kofia za watoto na mito midogo ya kukalia kwenye viti vya mbao vya kanisa, na baadhi zimenunuliwa Nanyuki. Kulmiye, ambaye bado hagusi fuko, amezigusa hizi za sungura, akazikunja na kuzikunjua, na kumwambia kwamba akiweza kuleta nyingi zinazofanana atampa pembe moja ya stoo ya kuzitundika bila kodi, kwa kuanzia.

Alipokwenda Mukurweini kuwaeleza akina mama hao mpango wake, Muchiri alitarajia wafurahi. Mmoja wao, mama aitwaye Gathoni, jina sawa na la bintiye, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na sisi tutajua aje kuwa sungura wetu hawataanza kupotea usiku, ndio ngozi ikufikie?"

Nyawira, aliyekuwa naye, anasema mumewe alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Aliona kwamba amepata mtu wa kufanya kazi naye.

Walikubaliana. Hakutakuwa na bei ya ngozi itakayotangazwa barabarani wala sokoni. Muchiri atakwenda mwenyewe, siku ya kuchinja, kwa kila mwenye banda, na kununua mbele ya majirani wawili. Kufikia mwisho wa mwaka anatarajia nyumba ishirini ziwe zimejiunga. Ikienda vizuri, anataka kujenga kibanda cha mabati papo hapo Mukurweini, madumu yake yakiwa nje, mahali ambapo yeyote anayepita anaweza kuinua kifuniko na kuangalia.

"Nimewaambia hivi," anasema akifunga begi lake. "Sinunui ngozi ambayo sikuona mnyama wake akiwa anakula. Na siku mtanipata nimenunua, msiniulize kitu. Mnifukuze."